Ngoma Iliyoketi Kwenye Kiti cha Enzi

Hapo zamani, katika mji wa Shakandi ambao leo hata wachora ramani wameusahau, alikuwako Sultani jina lake Shekue, mtu mwema akiwa ameshiba, na mkorofi akiwa na mgeni njiani. Basi Sultani huyu akapata habari kwamba Sultani wa mji jirani atakuja kumzuru Ijumaa ya mwisho wa mwezi, naye akataka kumtia wivu. Akaagiza ngoma tatu, moja kubwa na mbili ndogo, na jozi mbili za matoazi ya shaba, na vilipofika vikawekwa uani, akaitwa mkuu wa ngoma, Mzee Faki, aje avijaribu.

Mzee Faki akavizunguka mara mbili, akakuna kidevu. "Bwana wangu," akanena, "ngoma ni nzuri, lakini zimekuja uchi. Hazina michapo ya kupigia. Hazina kitu cha kuziinua, nazo ziko wazi chini. Ukiziweka sakafuni hivi hivi, sauti inafia humo humo ndani. Na toazi halishikwi kwa kiganja kitupu. Lataka ukanda upite tunduni, ushikwe ukanda, ndipo shaba ipate kulia."

Sultani, aliyekumbuka vikubwa akasahau vidogo, hakupenda kuambiwa hayo mbele ya watumishi. Akatoa amri askari wapite mjini watwae kila kinachofaa.

Ikawa askari wakapita nyumba hadi nyumba. Wakachukua miko iwe michapo. Wakachukua kata, zile nguo za kuviringa ambazo wanawake huweka utosini chini ya mtungi, ziwe za kukalishia ngoma. Wakafungua kamba za ndoo visimani ziwe za kushikia matoazi. Tangu hapo mji mzima ukala wali ulioungua kwa kukorogwa na vijiti, wanawake wakachubuka utosi, na ndoo kumi na moja zikazama visimani zisionekane tena. Jumbani, hata hivyo, kila mtu alisifu amri ile, maana jumbani wali haukuungua.

Sasa, pembeni mwa mji alikaa fukara mmoja aitwaye Chande, asiye na shamba wala mbuzi, mwenye ulimi tu. Aliyeilisha nyumba ile ni mkewe, Bi Mize, aliyewatwangia watu mpunga wao na kupewa kibaba kwa kila kinu. Askari walipofika kwake waliuona mchi wake, mrefu, mzito, umelainika kwa mikono ya miaka ishirini, wakasema huu ndio mchapo wa ngoma kubwa, wakaenda nao.

"Mume wangu," Bi Mize akasema, "mchi umekwenda, na kinu kimebaki kunikodolea macho. Jana tumekula muhogo wa kuomba, leo tumekula hadithi zako. Hayo maneno unayonimalizia mimi humu ndani kila siku, leo yapeleke jumbani."

Chande alijua mkewe akianza kusema kwa upole namna hiyo, mambo yamefika pabaya. Akajifunga shuka yake ya pekee, akaenda mpaka mbele ya Sultani, akainama.

"Ewe Chande," akanena Sultani, "nasikia umekuja kunizuia nisipige ngoma katika nyumba yangu mwenyewe."

"Hasha, Bwana wangu. Nimekuja kukutetea. Askari wako wamekuletea vitu vyenye kazi. Mwiko unafikiria chungu, kamba inafikiria kisima, na mchi wa mke wangu una njaa. Vitu vyenye mawazo namna hiyo vitapigaje ngoma ya kifalme?"

Watu wakaangua kicheko. Waziri, aliyekuwa amesimama kando na bakora yake ya mpingo yenye kichwa cha fedha, akaona nafasi ya kupendeza. "Bwana wangu, kwa kuwa huyu anajua kuliko sisi, basi na atuletee yeye vitu visivyo na kazi!"

Neno lile likampendeza Sultani. "Naam! Sikiliza, Chande. Kabla ya Ijumaa utazivika ngoma zangu kila zinachohitaji, kwa vitu visivyo na kazi yoyote. Ukiweza, kila kitu kilichotwaliwa mjini kitarudi kwa mwenyewe. Lakini akisimama mtu mmoja tu, akasema kazi yake imekwama kwa kukosa ulichokichukua, wewe na mkeo mtahama nchi yangu siku hiyo hiyo, na mchi nitabaki nao."

"Nimesikia. Na vitu hivyo nivitafute wapi, Bwana wangu?"

"Katika nyumba yoyote iliyomo nchini mwangu."

"Yoyote? Nisije nikafukuzwa mlangoni."

Sultani akacheka, akavua pete yake akampa. "Mwenye pete hii hafungiwi mlango."

Basi Chande akaanza kwao, kwenye nyumba za makuti. Akakuta mtungi uliopasuka ambao kuku hutagia ndani. Akakuta mkeka uliochakaa umeziba tundu la ukuta. Akakuta kiatu kimoja kisicho na mwenziwe, akafurahi, akakiinua, na mlango ukajifunga usoni pake, maana kiatu kile ndicho kilichouzuia. Kwa bibi kizee mmoja akauona ufagio uliobaki njiti nne, akauliza, "Huu nao, bibi?" Yule bibi akamwambia, "Huo najikunia mgongo. Urudishe ulipoutoa!"

Akazunguka siku nzima, na katika nyumba zile zote hakupata kitu kimoja kilicholala bure. Akarudi kwake akakaa kizingitini, na kwa mara ya kwanza akaogopa. Bi Mize akamletea maji ya kunywa, akamwambia, "Umetafuta kitu cha bure kwa watu wasio na kitu. Akili hizo umezipata wapi?"

Chande akamtazama mkewe, kisha akaitazama pete. Maji hakuyamaliza.

Siku tatu zilizofuata alionekana akiingia na kutoka jumbani na furushi begani, na kila askari aliyetaka kumuuliza akaonyeshwa pete. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyegundua kwamba amepungukiwa na kitu.

Ijumaa ikafika. Watu wakajaa uani. Bi Mize naye akaja, na chini ya kwapa amebana kifurushi cha nguo, endapo mambo yataharibika. Sultani mgeni alipofika na watu wake, Sultani Shekue akampokea mlangoni, na hata kabla hawajaketi Mzee Faki akainua mikono. Ngoma zikanguruma, matoazi yakajibu, na mgeni akasimama mdomo wazi.

"Ndugu yangu," akasema, "ngoma zangu hazijapata kulia hivi. Michapo hii ni ya mti gani?"

"Wamo mafundi katika nchi yangu," akajibu Sultani Shekue, kifua mbele.

Ndipo Waziri akapiga ukelele. "Bakora yangu! Kile ni kichwa cha bakora yangu!"

Kweli, bakora tatu za mpingo zilikuwa zimekatwa katikati zikawa michapo sita, na fedha ikimeremeta kwenye tatu kati yake. Amiri wa jeshi naye akakaza macho, akaiona mishipi yake ya panga imepita kwenye matundu ya matoazi. Na ngoma mbili ndogo zilikalia kata nene za hariri, ambazo Sultani Shekue alizitambua kuwa ni vilemba vyake.

Chande akajitokeza, akainama. "Sharti ni lile lile, Bwana wangu. Mwenye kazi iliyokwama na asimame."

Waziri akafungua kinywa.

"Bwana Waziri anazo bakora saba," Chande akasema taratibu, "na amekuja hapa akitembea vizuri kwa ya nne. Zile tatu zilikuwa zimesimama nyuma ya mlango, na buibui amezifunga pamoja. Bwana Amiri, vita vya mwisho vya Shakandi vilikuwa lini?"

Amiri akaanza kuhesabu, kisha akaacha. Waziri akafunga kinywa.

"Basi!" Sultani akasema kwa hasira. "Yatosha. Mgeni amechoka kusimama. Kiletwe kiti changu cha enzi."

Watumishi wakatazamana. Wakati ule ule shuka lililofunika chini ya ngoma kubwa, lililokwisha kulegea kwa mtikisiko, likaanguka lenyewe. Na watu wote wakaona miguu ya mpingo na pembe za ndovu. Ngoma kubwa ilikuwa imeketi juu ya kiti cha enzi cha Shakandi, imetulia, haina wasiwasi.

Sultani akapiga hatua mbele kwa ghadhabu. "Mimi nasimama! Mimi mwenyewe nasema! Kazi yangu imekwama kwa kukosa kiti hiki!"

Bi Mize akakibana kifurushi chake, macho yakamjaa machozi. Chande akamwona, moyo ukamuuma, lakini akapiga magoti mbele ya Sultani.

"Haki yako, Bwana wangu. Tutahama leo. Niliona vumbi la kidole kizima juu ya kiti hicho, na wewe siku zote huketi kitandani kwa ajili ya mgongo, nikadhani hakina kazi. Nimekosa. Ila naomba neno moja tu nikaondoke nalo, maana huko niendako watu wataniuliza: kazi ya Sultani wa Shakandi ni kuketi?"

Sultani akavuta pumzi ajibu. Akisema ndiyo, mgeni atakwenda na neno hilo mpaka kwao. Akisema siyo, kiti hakikukwamisha kitu. Pumzi ile ikakaa kifuani, haina pa kwenda. Mgeni akaanza kutikisika mabega, akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akamshika Waziri asianguke. Na Sultani Shekue, aliyekuwa amejaa hasira mpaka shingoni, akaitazama ngoma yake ilivyojikalia, kikamtoka kicheko kabla hajakiruhusu.

"Amka, Chande. Hakuna kazi iliyokwama. Warudishieni watu vitu vyao, na ndoo zilizozama zikatolewe visimani na Bwana Amiri, naye apate kazi. Nawe uombe utakacho."

"Mchi, Bwana wangu. Mke wangu ana mpunga wa watu unangoja."

Sultani akaletewa mkeka, akaketi chini na mgeni wake, na mgongo haukumuuma hata kidogo. Ngoma zikapigwa mpaka alasiri. Ziliponyamaza, ikasikika nyingine kutoka upande wa nyumba za makuti, nzito, ya pigo moja moja, haiharakishi wala haichelewi. Mgeni akatega sikio, vidole vikacheza gotini.

"Ile ndiyo nzuri kuliko zote," akasema. "Niazime, ndugu yangu, nikawasikilizishe watu wangu."

Sultani Shekue akainamisha kichwa, uso umemshuka kwa haya.

"Huyo ni Bi Mize anatwanga," akajibu. "Ile haiazimwi."

Nami nilipoondoka Shakandi nilimwacha akipepeta. Asiyeniamini na aende akamuulize, ila asimshike mchi wake.