Karakana ya Juu ya Mlima

Hapo zamani, siku ya Jumatano, siku ya saba ya Mfungo Mosi, saa nne ya asubuhi, injini ya gari la watu wa Kizimbwi ilikohoa mara moja njiani, ikatoa moshi, ikanyamaza. Ndani yake alikuwamo Bi Mwanashamba, mgonjwa wa kifua, akipelekwa mjini kwa tabibu; na aliyeshika usukani alikuwa mumewe, Msellem, fukara asiye na mali ila ulimi wake. Tangu saa hiyo mambo ya nchi ile hayakuwa tena kama yalivyokuwa.

Gari lenyewe lilikuwa la kijiji kizima. Sultani Hamdun ndiye aliyeuza magari katika nchi ile, wala hapakuwa na mwingine, nao watu wa Kizimbwi walimtolea nazi zao za msimu mzima wakapewa moja. Siku ya kukabidhiwa mpiga mbiu alisimama akatangaza dhamana: "Injini ikiharibika, Sultani ataitengeneza bure mpaka ipone!" Watu wakapiga vigelegele, wakarudi kwao wakiimba.

Basi, kwa kuwa hawakuwa wamefika mbali, Msellem akamrudisha mkewe nyumbani, akaazima punda, gari likavutwa hadi karakana ya Sultani. Karakana hiyo ilijengwa juu ya mlima, ubavuni mwa kasri, na lango lake lilielekea mteremko mkali. Mkuu wa mafundi, jina lake Barahiani, akaigonga injini huku, akaipaka mafuta kule, kisha akalisindikiza gari langoni kwa teke dogo. Gari likateremka kwa kishindo, vumbi likitimka nyuma yake. Sultani aliyekuwa roshanini akaona, akasema, "Alhamdulillahi, limepona." Likafika bondeni, likasimama.

Ikawa ndiyo desturi. Punda watalivuta kupanda, teke litalishusha, Sultani atamshukuru Mungu, na bondeni litasimama. Na kila mara Barahiani alikuwa na sababu mpya. Leo atasema, "Umelipigia honi mno, limeshtuka." Kesho atasema, "Umeliendesha kuelekea kusini, nalo lina asili ya kaskazini." Na siku moja alimwambia Msellem kwa uso mkavu, "Mnapakia wagonjwa, bwana. Maradhi yanaambukiza."

Nyumbani, Bi Mwanashamba alikuwa akilala ameketi, kwa maana akijinyoosha pumzi humkatika. Kumpandisha punda haikuwezekana, na kumbeba kitandani kwa njia ndefu ile ilikuwa ni kumwua. Tabibu alikwisha leta habari kwamba asipofikishwa kabla ya mvua kuanza, asisumbuliwe tena.

"Bwana we," akamwuliza mumewe, "kati yangu na gari lako, mgonjwa ni nani?"

"Ni wewe, mke wangu. Gari ni zima. Sultani kasema."

"Basi nami nipeleke pale roshanini, nitamkiwe uzima, nipone bure."

Wakacheka wote wawili, lakini kicheko kikamgeukia Bi Mwanashamba kikohozi, na Msellem akamshika mgongo mpaka kikapita. Alipoinuka pale hakucheka tena. Akatawadha, akasali rakaa mbili, akaenda kasrini, ambako gari lilikuwa limelazwa tena karakanani.

"Maulana," akasema, "Mungu akupe umri. Gari lile halendi."

Sultani akakunja uso. "Mimi nalitazama kwa macho yangu likienda mbio. Wewe waniambia halendi. Basi mmoja wetu ni kipofu. Ni nani?"

"Maulana haoni vibaya. Laanguka vizuri."

Watu wa baraza wakashika midomo. Sultani akaghadhibika, kwa kuwa alikwisha choka kuona punda wakipita mbele ya roshani yake, akasema, "Sikizeni nyote. Gari nililolitamkia uzima, likishatoka lango la karakana, mtu asilisukume wala asilivute. Atakayeligusa amenikadhibisha, na malipo yake ni gereza. Na hili la Kizimbwi nalitamkia uzima tangu sasa. Nawe, Msellem, likiwa bovu kama usemavyo, na lipande mlima lenyewe mpaka langoni kwangu, ndipo nitakapowapa injini mpya."

"Gari bovu lipande lenyewe, Maulana?"

"Lipande lenyewe."

Wazee wa baraza wakatikisa vichwa kwa kumhurumia. Lakini Msellem akainama, akabusu mkono wa Sultani, akasema, "Nimesikia na kutii. Sasa nina ombi. Gari zima namna hii, lililosifiwa na Maulana mbele ya baraza, si la kupanda mtu kama mimi. Kesho kutwa ni Idi Kubwa. Watu wa Kizimbwi waomba Maulana aende nalo kusali, nchi nzima ione dhamana ya Sultani."

Barahiani akasogea mbele kwa haraka. "Maulana, farasi ni bora, kwa ajili ya vumbi..."

"Kwani gari lina nini?" akauliza Sultani.

Barahiani akarudi nyuma hatua moja. "Halina kitu, Maulana. Ni zima."

"Basi nitalipanda."

Nayo desturi ya nchi ile ni kwamba siku ya Idi Sultani hakanyagi ardhi tangu atoke kasrini hata afike uwanja wa sala, nao uwanja ulikuwa ng'ambo ya bonde. Asubuhi ya Idi Sultani akaketi garini na joho lake jeusi, Msellem akashika usukani, Barahiani akatoa teke lake. Gari likateremka kwa shani kubwa. Wanawake wakapiga vigelegele, ngoma zikalia, Sultani akapunga mkono. Likafika bondeni, likasimama.

Sultani akaendelea kupunga mkono. Kisha akauteremsha. "Mbona tumesimama?"

"Labda lapumzika, Maulana. Gari zima nalo huchoka."

"Sukumeni!" Sultani akawaita askari.

Askari wakatazamana. Mkubwa wao akasema kwa adabu, "Maulana, tuna watoto. Gereza hatuliwezi."

Akawaita watu wa mji, nao wakakunja mikono vifuani. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Sisi tumkadhibishe Sultani wetu? Mungu apishe mbali!" Jua likazidi kupanda. Kutoka ng'ambo wakasikia takbira zikirudiwa na kurudiwa, imamu akimngoja Sultani, na wakati wa sala ukienda. Kushuka hakuwezi kwa desturi, kukaa hakuwezi kwa ibada.

Akainama sikioni mwa Msellem. "Nifanyeje?"

"Maulana, sisi sote tumefungwa na neno moja, na mwenye neno ni wewe."

Sultani akakusanya joho lake. Kisha akasimama garini, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Enyi watu! Gari hili ni bovu! Lilikuwa bovu jana na juzi, nami nilikuwa natazama mteremko nikaudhani injini."

Hata hakumaliza. Mikono mia ikalikamata gari, na wa mbele kabisa alikuwa Barahiani, akisukuma kwa kichwa na mabega. Wakalipeleka mbio mpaka uwanjani, na sala ikawahi.

Baada ya hotuba Sultani akaanza kucheka, akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Akaamuru motakaa yake mwenyewe ya kasrini ing'olewe injini, watu wa Kizimbwi wapewe siku ile ile. Na karakana akaamuru ihamishiwe bondeni, mahali tambarare, gari likitoka litoke kwa nguvu zake. Miezi mingi halikutoka hata moja, mpaka Barahiani alipojifunza kazi.

Bi Mwanashamba alifikishwa kwa tabibu kabla ya tone la kwanza la mvua, akatibiwa, akaishi akimtania mumewe miaka mingi. Kisha akatangulia yeye, na Msellem akamfuata, kama tutakavyofuata sote.

Ewe Mola, waja wako hawa wawili wapanulie makaburi yao, uwatilie nuru, uwasamehe walilolijua na wasilolijua. Na kila aliyefia njiani akingoja kufikishwa, umpokee wewe mwenyewe. Amin.