Ntahondi wa Mkono Mmoja na Kabila la Kambi Saba

Sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwapo. Niliyaona yote kwa macho haya mawili, na pale kichwa cha mtu mrefu kiliponizibia, nilipanda juu ya ndoo. Basi nyie mliozaliwa mashine za mkonge zikiwa zimeshanyamaza, sikilizeni jinsi watu wa Kambi Saba walivyopata kabila, na jinsi walivyolipoteza.

Zama hizo, mwaka wa pili tangu kampuni ifunge shamba na kuondoka bila kutuaga, hapa hapakuwa na ukoo wala mzimu. Babu zetu waliletwa kwa malori, huyu kutoka Songea, yule Kigoma, yule Msumbiji, wakapewa namba badala ya majina, na mtu akifa tulibishana azikwe kwa mila ya nani. Ndipo alipoinuka Ntahondi, mwana wa Ruhaga mkata mkonge, mjukuu wa namba mia nne na tisa, Ntahondi ambaye korona, ile mashine ya kuchambulia mkonge, ilimla mkono wa kushoto, naye akaifokea mbele ya msimamizi: "Mjinga wewe, umeacha ule mzuri!"

Shujaa huyo aliingia ofisi iliyohamwa, akabeba begani kompyuta waliyoiacha makarani, akaiunganisha na sola katika banda la korona, na ndani yake akakuta mchezo. Mchezo ulikuwa nchi nzima: milima, mito, ng'ombe wenye pembe za shaba, na watu wadogo kama punje za mpunga wakisubiri chifu. Kila likitokea jambo, mchezo huuliza: mnafanyaje? Ntahondi husoma kile Kiingereza, hutufasiria, nasi huinua mikono, naye hubonyeza kipanya kwa kadiri ya mikono iliyo mingi.

Msinicheke. Tuliulizwa! Nani alikuwa ametuuliza kitu tangu babu zetu washushwe kwenye lori?

Tukawaita wale watu Wasaba, nasi wenyewe tukajiita hivyo. Kila nyumba ya kambi ikatoa jina lake kwa kaya moja ya mle mchezoni, na mchana kutwa banda likajaa. Joka la Mawingu lilipodai ng'ombe mia, Ntahondi Mwenye Akili za Fisi aliliozesha binti wa maadui zetu, nalo likala wakwe zake wote. Mama Sikudhani, jirani yangu mwenye ulimi wa upupu, alipiga vigelegele hadi mbuzi wakakata kamba.

Kisha ukaja mwaka wa njaa. Ng'ombe wa Wasaba walikufa, ghala likabaki vumbi, na mchezo ukauliza: kaya moja ifukuzwe msituni, au wote mgawane njaa?

"Apelekwe Nandonde," akasema Mama Sikudhani. "Mjane, yuko peke yake, hata hatutaona pengo."

Bibi Nandonde alikuwa amekaa mbele yetu, anasokota kamba. Ukimtoa yeye na Ntahondi, tulikuwa ishirini na watatu. Mikono ishirini na miwili ikainuka. Wangu tu ulibaki chini, wakanitazama kama mchawi. Ntahondi mkono wake mmoja ulikuwa juu ya kipanya, hakuwa na mwingine wa kupigia kura. Akabonyeza.

"Haya, nimekwenda," Nandonde akacheka. "Mniachie ukoko."

Asubuhi yake, bombani, Mama Sikudhani aliisukuma ndoo ya Nandonde nyuma ya foleni. "Wewe bibi, si tulishakupeleka porini? Marehemu hawateki maji!" Tukacheka hadi tukashika mbavu. Siku ya pili tukacheka kidogo. Siku ya tatu hakuna aliyecheka, na ndoo ya Nandonde ilikuwa bado ya mwisho.

Siku ya nne alifunga godoro. Miaka arobaini kambini, kaburi la mume liko pale.

Ntahondi alikimbilia bandani kuirudisha ile kaya, lakini mchezo ule haurudi nyuma. Akatoka akasimama kwenye reli ya matoroli, akatamka: "Kampuni ilitufukuza kwa barua. Sisi tumefukuza kwa kuinua mikono. Nyie mliinua, mkono uliobonyeza ni huu." Akajitwika lile godoro kichwani, akamfuata Nandonde mkongeni. Hakuna aliyewaona tena.

Hadi leo anayefika wa kwanza bombani hujaza ndoo moja, akaiacha ikauke juani. Ni ya Nandonde. Na hadi leo hakuna Msaba anayeinua mkono mkutanoni. Ndiyo maana paa la shule bado halijaezekwa.

Yote haya ni kweli tupu, na joka nililiona. Moja tu nimelitia mwenyewe. Mikono siku ile ilikuwa ishirini na mitatu.