Pimbi na Mtukufu Mwenye Ziwa

"Wenyewe mpo?"
"Tupo!"
"Mmekaa au mmesimama?"
"Tumekaa, tumechoka!"
"Basi masikio yafanye kazi, miguu ipumzike. Nilete?"
"Lete!"

Zamani hizo wanyama walikuwa na serikali yao. Na palikuwa na Pimbi, binti mdogo wa mawe, mkia hana, makeke hana, ila shule alikuwa nayo. Alisoma, akasoma, akamaliza. Kisha akakaa nyumbani akingoja kazi, akangoja, mpaka wadogo zake wakaacha kumwita msomi.

Siku moja serikali ikatangaza: vijana waliohitimu watapelekwa vijijini, wakae na wananchi, waone sera inavyofanya kazi, waandike ripoti. Pimbi akaomba, akapata. Rafiki yake Nguchiro naye akapata. Wakala kiapo, wakavishwa fulana mpya, wakapangiwa kituo kimoja: Bonde la Matete.

Wakatembea, wakatembea, wakatembea. Fulana zikawa rangi ya vumbi. Kufika, bonde lote kavu, nyasi zinavunjika ukizikanyaga. Juu kidogo, penye mwinuko, kulikuwa na bwawa moja tu lenye chemchemi. Na ndani ya bwawa nani? Mheshimiwa Kiboko, mwenyekiti wa kijiji. Kajaa humo kama ugali kwenye sufuria. Wenzake hunywa yanayomwagika ukingoni akijigeuza, tena yamechanganyika na mavi yake.

Nguchiro akakunjua karatasi, akakohoa, akasoma: "Maji ni ya wananchi wote."

Kiboko akatoa pua. "Puuuu! Sera nzuri hiyo. Nimeipokea kwa miguu yote minne. Tutaikalia kikao." Chubwi! Akazama.

Kesho yake wakarudi. "Mheshimiwa, kile kikao?"

"Puuuu! Kikao kizuri hicho. Tutaunda kamati." Chubwi!

Kesho yake tena. "Mheshimiwa, ile kamati?"

"Puuuu! Kamati nzuri hiyo. Tungoje mvua." Chubwi!

Ikawa ndiyo kazi yao. Asubuhi kwenda, jioni kurudi, na katikati ni puuuu na chubwi. Pimbi alikuwa akifika kwenye jabali walikofikia anajitupa chini, hana hamu hata ya kula. Ulikuwa uchovu ule usioondoka kwa kulala. Nguchiro, ambaye alikuja amewaka moto wa kubadilisha nchi, sasa alikuwa anazungumzia kwao tu.

"Dada Pimbi, mimi narudi. Nitasema naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Sera."

Pimbi akacheka kidogo, kicheko kikavu.

Hapo akaja Mama Kanga, vifaranga nyuma yake. Pimbi akainuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Ninyi ndio mliotumwa na serikali?"

"Ndio sisi."

"Haya. Basi mtazameni huyu wangu wa mwisho. Jana alikuwa analia kiu. Leo halii."

Pimbi akamtazama yule kifaranga. Macho nusu, mdomo wazi, shingo imelegea kama uzi. Akaona haya na ile fulana aliyovaa. Mama Kanga hakungoja jibu. Alimbeba mwanawe, akaenda zake polepole.

"Usirudi kwenu kwanza," Pimbi akamwambia Nguchiro. Akamnong'oneza. Nguchiro akatoa macho.

Asubuhi Pimbi akapanda bwawani. Karatasi ya sera aliiacha.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Umeleta tena ile sera?"

"Hapana. Nimekuja kuaga. Ripoti nimeshaanza, ila nimekwama. Hapa penye cheo chako itabidi niandike 'Mwenye Dimbwi'."

"Puuu... nini? Hili ni ziwa!"

"Kwa macho ni ziwa, hata mimi naliona. Lakini kwa serikali, ziwa ni lile linalotoa mto. Lisilotoa mto ni dimbwi. Kule mashariki yuko Kiboko mwenzako, lake linatoa mto. Anaitwa Mtukufu Mwenye Ziwa. Akipita, nyati wanampisha."

Safari hii Kiboko hakuzama. "Ni mkubwa kama mimi?"

"Wapi! Mwembamba. Mbavu zote nje."

"Mwembamba, halafu anaitwa Mtukufu?"

"Mtukufu."

Kiboko akachezesha masikio. "Huo mto unatokaje?"

"Achana nao, Mheshimiwa. Unachimbwa. Na kuchimba kunataka meno na kifua. Kwa umri wako..."

"Umri wangu!"

Akatoka bwawani, maji yakimchuruzika. Akaingiza meno ardhini. Kru! Kru! Kru! Udongo ukaruka. Kru! Kru! Kru! Mawe yakang'oka. Pimbi akatangulia mbele akimwonyesha njia. "Kidogo kushoto, Mtukufu. Mto wa heshima hauendi kulia." Na huko kushoto, chini, ndiko walikokaa kina Mama Kanga na wanakijiji wote.

Jua lilipokuwa utosini, mfereji ukafika bondeni. Maji yakaufuata: tiriririri! Wanyama wakakimbia, wakubwa kwa wadogo, wakaingiza midomo. Mama Kanga akamchovya mwanawe mdomo. Kimya. Akamchovya tena. Kifaranga akapiga chafya, akameza, akainua kichwa. "Pii!" Mama yake akakaa chini palepale kwenye tope, akalia.

Huku juu, Kiboko alirudi akakuta maji yanamfika magotini.

"Maji yangu yamekwenda wapi?"

"Yamekuwa mto, Mtukufu."

"Naziba! Sasa hivi naziba!"

"Ziba, ni haki yako. Ila nikiandika dimbwi, usinilaumu."

Kiboko akabeba tope mdomoni, akaukabili mfereji. Hapo Pimbi hakuwa na ujanja mwingine. Ndipo bondeni, Nguchiro akiongoza, sauti zikapanda: "Mtukufu! Mtukufu Mwenye Ziwa!"

Kiboko akasimama. Akasikiliza. Akalitema lile tope taratibu, akarudi kukaa kwenye maji yake ya magotini, mgongo ukimkauka juani. "Puuuu," akasema. "Jina zuri hilo."

Baada ya muda akaja mkaguzi wa serikali, Bwana Korongo. Akatazama mfereji, akauliza nani kauchimba. "Mimi," akasema Kiboko, na kweli ni yeye. Akavishwa nishani shingoni. Vijana nao wakaitwa pembeni wakakaripiwa: kikao hakikukaa, kamati haikuundwa, sera hawakuitekeleza kama ilivyoandikwa. Wakahamishiwa bonde jingine, la mbali zaidi, ambako chemchemi kaikalia Mamba.

Wakatembea, wakatembea. Njiani Nguchiro akauliza, "Dada Pimbi, hivi Mamba naye anapenda kuitwa nani?"

"Sijui," akasema Pimbi. "Niache nilale kidogo."

Akajilaza pembeni mwa njia, kichwa juu ya jiwe, na usingizi ukamchukua kabla hajafumba macho vizuri.

Hadithi nimeifikisha kizingitini, ndani sivuki nayo. Aliyeipenda aiingize kwake. Aliyeichukia aipeleke kwa jirani. Na funzo lake, wanangu, ni hili: ukipata kazi serikalini usijifanye mjanja. Fuata sera neno kwa neno, ungoje kamati, uheshimu wenyeviti. Bila wao, mifereji angechimba nani?