Bomu la Admirali na Eda ya Bi Kazija

Hapo zamani, nipeni masikio yenu, midomo nitawarudishia baadaye, palikuwa na Admirali aliyetaka bomu lake lilie kabla hajastaafu. Akachagua kisiwa cha mbali. Akaleta manowari tatu, mapipa mia nne ya maji, bendi ya tarumbeta, na kitabu kinene cha usalama ambacho kazi yake ilikuwa kuwekewa vikombe vya chai.

Wenyeji wakakubali kuhamia melini kwa shingo upande, ila kuhesabiwa walikataa. Kwao, kuhesabu watu ni kuwaitia mauti. Basi maofisa wakahesabu viatu mlangoni kwenye maulidi ya kuagana: jozi themanini na tatu. Melini pia, jozi themanini na tatu. Admirali akafurahi.

Kumbe Bi Kazija, mjane, yumo ndani anakaa eda. Miezi miwili hajatoka. Majirani walidhani amepakiwa faragha, kama ilivyo heshima.

Mbaruku, mpishi wa meli, wiki nzima kabla ya kuhama aliwapelekea wenyeji majumbani sahani themanini na nne, zikarudi tupu zote. Siku hiyo, melini, moja ikabaki. Akamwendea Admirali, mwiko mkononi. "Afande, kuna mtu hajala." Akafukuzwa.

Shomvi, mtu wa redio, alisikia. Alipoagizwa apeleke amri ya kulipua, akadai redio imekufa, akaifungua skrubu mojamoja kwa saa nzima, akijua jela inamngoja.

Chausiku, nesi, akawauliza majirani ni nani hayupo; alipojua ni Bi Kazija, akashusha mashua akapiga makasia peke yake, maana mjane asingefuatana na mwanamume. Bi Kazija akamwambia eda haijaisha.

"Mama," akasema Chausiku, "majivu hayakai eda."

Akamfunika kanga, wakarudi melini. Redio ikafufuka, bomu likalia. Kijiji kikaenda na mapaa yake.

Admirali akafungua sanduku la nishani. Imebaki moja; nyingine alikwisha kujivika mwenyewe kwa sababu ya hali nzuri ya hewa.

Mbaruku akasema, "Bila sahani yangu, nani angejua?"

Shomvi akasema, "Mngejua, mkachelewa."

Chausiku akasema, "Mlijua, mkakaa melini. Nani alikwenda?"

Nyuma ya pazia, Bi Kazija akasema, "Nyumba niliyoachiwa na marehemu haipo. Nani mwingine hapa kapoteza kitu?"

Haya, chukueni midomo yenu. Nishani ni ya mpishi, ya mtu wa redio, ya nesi, au ya mjane? Na hiyo miezi miwili na siku kumi iliyobaki, Bi Kazija akaimalizie wapi?