Bomba Pana la Mbonea

Ngurumo haipandi mlima. Mmeisikia leo, mkacheka, kisha mkataka kujua nani aliyeisema kwanza. Methali hii ilianza barabarani, gari la harusi likiwa limeshaondoka Mwanga, limeelekea milima ya Upare, na ukungu unashuka polepole kama maziwa yaliyomwagika.

Mbonea, bwana harusi, alikuwa akiendesha mwenyewe. Nyuma yake alikaa bibi harusi, Nakijwa, na shangazi yake Nakijwa, Bi Nambua, aliyetumwa kulinda mila. Ukoo wao ulishika sana jambo moja: gari la bibi harusi halirudi nyuma. Likirudi, naye anarudi nalo kwao.

Sasa gari lile lilikuwa dogo, la zamani, linalovuta hewa kwa pumzi zake lenyewe, halina turbo ya kulipulizia. Wiki ya harusi Mbonea alimwendea fundi Kiangi, wakakata bomba jembamba la moshi, wakachomelea jingine pana kama shina la mgomba. “Pua pana, pumzi nyingi,” waliambiana. Kweli, gari likanguruma. Kwenye tambarare Mbonea alijiona anaelea, watu wakitoka majumbani kumtazama, miti ikimpisha.

Mlima ukaanza. Kwenye kona kali gari lilipunguza mwendo, na lilipotakiwa kuvuta, likalegea. Katika bomba jembamba moshi ulikuwa ukitoka mbio, huu unauvuta ule. Katika bomba pana ulizubaa, kama watu wachache ndani ya ukumbi mkubwa. Kelele tele, nguvu hamna. Likasimama.

“Mbona tumetulia, mkwe?” Bi Nambua akauliza.

“Linapumua, shangazi. Nikirudi nyuma kidogo nichukue kasi...”

“Thubutu! Ukirudi nyuma, geuza kabisa utupeleke nyumbani.”

Mbonea akakanyaga mafuta. Gari likalia hata ndege wakaruka ndani ya ukungu. Halikusogea.

“Unaita mvua?” akasema Bi Nambua.

Kutoka juu, kwa kina Mbonea, sauti ya mwanamke ikateremka ukunguni: “Tunawasikiaaa! Mbona hatuwaoni?”

Jasho likamtoka Mbonea. Mguu wake ulikuwa kwenye breki, na aliona ndoa yake yote imening’inia pale. Ndipo Nakijwa akafungua mlango, akavua viatu, akakusanya shela begani.

“Unakwenda wapi?” Mbonea akauliza.

“Kwako. Gari limekatazwa kurudi, miguu yangu haikukatazwa kwenda. Tia jiwe kwenye tairi, mume wangu, tupande. Ngurumo haipandi mlima.”

Bi Nambua alitafuta kosa katika maneno yale, akalikosa. Akapiga kigelegele.

Wakapanda. Mbonea hakuiona hata miguu yake. Aliona shela tu, nyeupe ndani ya weupe, ikienda mbele yake. Alisikia maji yakipita mferejini kando ya njia, akashangaa kuwa yalikuwapo siku zote.

Walifika, wakala, ndoa ikasimama. Kiangi alilirudishia gari bomba la kiasi, likapanda mlima ule miaka mingi, kisha likauzwa. Bomba pana Bi Nambua alilichukua kukingia maji ya paa. Alifariki akiwa mzee sana. Kiangi alihamia Same. Nakijwa na Mbonea wana wajukuu. Na mtu akijitapa kuliko anavyotenda, watu wa huko humwambia: ngurumo haipandi mlima.