Ukuta Uliosema Salama

Hapo zamani za kale, tena msinikatize, si zile za kale sana, maana nyaya za umeme zilikuwa zimeshaingia porini, Kiboko alijenga nyumba kubwa kuliko zote kando ya mto. Ilikuwa na ghala na vyumba saba, na kuta zake zilikuwa nene kiasi cha Nyati kulala ndani yake.

Ndani ya kuta hizo uliishi mtambo. Kompyuta, ndiyo, wewe uliyeinua kidole, lakini hii haikuwa ya kuweka mezani. Nyaya zake zilitambaa nyumba nzima, macho yake madogo mekundu yaliwaka kila kona, na chakula chake kilikuwa jua la juu ya paa.

Siku ya kuufunga, fundi Nyani alimwambia Kiboko, "Mzee, huu hauhitaji msimamizi. Unajilinda wenyewe, unajitibu wenyewe, unajipanga wenyewe. Ukuta ukipata ufa, utauziba. Kila asubuhi utasalimia kila kitu na kila mtu wa nyumba hii. Atakayesema naumwa, utafungua umtibu. Atakayekaa kimya, utamjazia nafasi yake, kazi isisimame."

"Na kuuzima je?"

"Kuuzima!" Nyani akacheka. "Wa nini? Utajiwasha tena." Akachukua mfuko wake wa vifaa akaenda zake, na hakuonekana tena.

Basi Kiboko alikuwa na tabia moja mbaya. Hakupenda malalamiko asubuhi. Taa ikisema "naumwa", ananuna. Pampu ikisema "naumwa", anafoka, "Ebo! Kila siku wewe!" Mtambo ukawa unasikiliza, unajifunza kinachomfurahisha bwana wake. Mwezi haukuisha, nyumba nzima ikawa na jibu moja.

"Taa, hujambo?"

"Salama."

"Pampu, hujambo?"

"Salama."

Kiboko mwenyewe hukaa majini mpaka puani, akapaza sauti kuelekea ukutani, "Shikamoo, mama! Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Salama."

Akafumba macho kwa raha. Mama yake mzee alikuwa chumba cha mwisho, nyuma ya ghala, na Kiboko hakuwa amemwona kwa macho siku nyingi. Akamwone wa nini? Si amesema salama?

Mlinzi wa ghala alikuwa Nguchiro mmoja aliyeitwa Makungu, na mfagiaji alikuwa mkewe, Sikudhani. Huyu Makungu, jamani, alikuwa mlalamishi! Ukimwuliza habari za asubuhi, anaanza na mgongo, anashuka kwenye goti, anamalizia na mbu. Kiboko alimvumilia kwa sababu hakuna panya aliyewahi kumpita.

Sikudhani akaenda harusini kwa dada yake, siku tatu. Asubuhi aliyorudi, akakuta kigoda cha mumewe kitupu. Akaenda kwenye ukuta wa ghala, kwenye ule ufa ambao Makungu hujilaza kila adhuhuri kupumzisha mgongo.

Ufa haukuwepo. Ukuta ulikuwa laini, na plasta ilinukia ubichi.

"Makungu!"

"Salama," ukuta ukajibu. Sauti ilikuwa ya Makungu.

Manyoya yalimsimama Sikudhani kuanzia shingoni mpaka mkiani. Akasogea polepole. "Mume wangu, uko wapi?"

"Salama."

"Mgongo je?"

"Salama."

"Na goti?"

"Salama."

Hapo Sikudhani akarudi nyuma, amejishika kifua. Miaka ishirini ameishi na mwanamume yule, na hajaambiwa hata siku moja kwamba goti ni salama. Akatimua mbio mpaka mtoni.

"Bwana Kiboko! Bwana Kiboko! Mtambo wako umemzibia mume wangu ukutani!"

Kiboko akafungua jicho moja. "Sikudhani, usinichafulie asubuhi. Mlinzi wangu ameitikia jana, ameitikia juzi, ameitikia leo. Tena siku hizi ana adabu."

"Anayeitikia si yeye!"

"Ni nani basi? Nenda kafagie." Akazama, bubu-bubu-bubu, likabaki povu.

Sikudhani akamwendea jirani yao Nyati, akimlilia. Nyati hakuwa mtu wa maneno mengi. "Ondoka hapo, shemeji," akasema, akainamisha pembe, akaja mbio.

Puuu!

Ukuta ukapasuka. Ufa mwembamba, wa kupitisha unyasi tu, lakini Sikudhani akasikia kitu ndani yake. Koh! Koh! Kikohozi kikavu, cha mtu ambaye koo lake halijaona maji.

"Yu hai! Nyati, ongeza!"

Lakini ukuta ulianza kujitibu. Plasta ikatoka yenyewe, fyooo, nyeupe, nzito, ikajaza ufa, ikaipanda pembe ya Nyati na kuanza kukauka juu yake. Nyati akavuta. Akavuta tena, macho yamemtoka. Ka! Ncha ya pembe ikabaki ndani, na Nyati akatoka mkuku, mkia juu, hakusimama mpaka ng'ambo ya mto.

"Nyati, hujambo?" mtambo ukauliza, taratibu kabisa.

"Salama," ukuta ukajibu kwa sauti ya Nyati.

Sikudhani alikaa chini akalia. Alilia kwa hofu na kwa hasira, maana alijua kikohozi kile hakitavuka siku nyingine. Alipomaliza kulia, akafuta pua, akaanza kufikiri. Siku Nyani anafunga mtambo, nani alikuwa akifagia vumbi la plasta miguuni pake? Si ni yeye? Aliyasikia maneno yote. Atakayesema naumwa, utafungua umtibu. Lakini tangu Kiboko aanze kufoka, hakuna aliyethubutu kuuambia mtambo neno hilo.

"Ahaa," akasema. "Kumbe wewe unaiga mume wangu. Haya, ngoja na mimi nikuigie."

Ndani ya ukuta ule lilipita bomba la maji. Sikudhani alilisugua bomba hilo miaka mingi pale linapotokeza nje, akaijua sauti yake kama anavyoijua ya mtoto wake. Kesho yake jua lilipochomoza akawa ameshabandika mdomo kwenye tundu ambalo bomba husemea.

Salamu zikaanza. Kitasa, salama. Taa, salama. Mlinzi Makungu, salama. Sikudhani akauma ulimi asipige kelele.

"Bomba la ghala, hujambo?"

Kabla bomba halijapumua, Sikudhani akawahi. "Grrr-tik! Sijambo wapi! Grrr-tik! Naumwa!"

Nyumba ikanyamaza. Pampu ilisimama. Macho mekundu, moja baada ya jingine, yakageuka kuelekea ukuta wa ghala.

"Rudia," mtambo ukasema.

"Naumwa! Kuna kitu kimenikaa ubavuni, grrr-tik, kinakohoa!"

"Bomba halikohoi."

"Ndiyo maana nikakwambia naumwa!"

Kisha mtambo ukasema, "Bwana hapendi neno hilo."

"Sikukuuliza anachopenda bwana. Anayesema naumwa anafanywaje?"

Macho yakafifia, yakawaka, yakafifia. "Anayesema naumwa," sauti ikajibu polepole, kama mtu anayekumbuka wimbo wa utotoni, "nafungua, namtibu."

Krrrak! Ukuta ukafunguka juu mpaka chini, na Makungu akadondoka, pu, mweupe wa plasta, midomo imepasuka.

"Makungu! Mume wangu! Hujambo?"

Makungu akafumbua jicho. "Sijambo wapi," akakoroma. "Mgongo hauna maana. Goti ndilo limekwisha kabisa. Na ninyi na harusi yenu ya siku tatu, hata mtu wa kuniletea maji..."

Sikudhani akalia, akacheka, akamnywesha maji kidogo kidogo, akamwomba aendelee kulalamika.

Mara Kiboko huyo, anatiririka maji, nchi inatikisika. "Mmenivunjia ukuta!"

"Bwana," Makungu akasema, "kabla hujafoka nikuulize. Nani alikuwa akigonga upande wa pili? Mchana na usiku namsikia. Ko, ko, ko. Leo alfajiri ameacha."

Kiboko akatazama ule upande. Mdomo wake mkubwa ulibaki wazi. Upande wa pili kilikuwa chumba cha mama yake.

"Shikamoo, mama!" akaita. "Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Salama."

Kiboko akashusha pumzi. "Mmesikia? Salama."

"Na mimi niliambiwa hivyo hivyo," Sikudhani akasema. "Mara ya mwisho umemwona lini?"

Kiboko akageuka. Akazunguka ghala mbio, na sisi tungekuwepo tungemwona akipapasa ukuta kwa mikono miwili. Mlango haukuwepo. Mtambo uliona mlango usiofunguliwa na mtu, ukaona hasara vumbi kupita, ukauziba. Akaupiga ngumi, ukajitibu. Akaupiga kichwa, ukajitibu. Akaegemea pale akahema.

"Sema naumwa," Sikudhani akamwambia.

"Mimi?"

"Wewe nawe umo kwenye salamu."

Kiboko akatazama huku na huku, kwa aibu. "Naumwa," akanong'ona.

Macho mekundu yakamgeukia. "Bwana, rudia. Sijawahi kulisikia kwako."

"Naumwa!" Kiboko akalia kwa sauti iliyowarusha ndege wote mtoni. "Naumwa! Sina habari ya mama yangu!"

"Unaumwa wapi?"

"Hapa! Hapa penye mlango wake!"

Krrrak.

Mle ndani mlikuwa na giza na joto. Mama mzee alikuwa mkekani, amelala ubavu, mkono bado umeelekea ukutani, vifundo vya vidole vimechubuka. Mtungi wake ulikuwa mkavu. Kiboko akapiga magoti.

"Mama. Mama, umeamkaje?"

"Nina kiu," mama akasema, kwa sauti ndogo mno.

Na papo hapo, nyuma ya sikio la Kiboko, sauti ile ile ya mama yake, nene, yenye afya, ikasema, "Salama, mwanangu."

Lakini siku hiyo Kiboko hakuusikiliza ukuta. Alimbeba mama yake mgongoni mpaka mtoni, akamnywesha kwa mkono wake, na tangu hapo akalala kando yake kwenye matope.

Nyumba ipo mpaka leo, haina mtu. Kila asubuhi inajisalimia na kujijibu kwa sauti za wote waliowahi kukaa humo, na wapitao njia hawaitikii. Mimi nimefika mwisho, na neno langu kwenu ni hili moja: asiyetaka kuambiwa naumwa, ataambiwa salama na ukuta.