Nyufa za Dohani ya Bi Nakunda

YAH: KASORO ZA DOHANI MOJA (1) YA MATOFALI. Barua ya halmashauri yenye kichwa hicho ilimtaka Bi Nakunda, mjane wa milimani Usambara, azibe upya nafasi kati ya matofali ya dohani yake ya kutolea moshi kabla ya mvua, la sivyo atolewe nyumbani.

Fundi Kiondo alitazama juu, akaguna. "Saruji si kitu, mama. Gharama ya jukwaa la kunifikisha kule ndiyo itakayokumaliza."

Bi Nakunda akajitanda kanga, akaenda kwa Bwana Shemzigwa, mkaguzi wa majengo aliyeandika barua ile.

"Nyufa gani, mwanangu? Mimi naona utando wa buibui."

"Mama, nimesomea majengo!"

"Na ukaziona ukiwa barabarani? Hongera kwa macho. Ila sokoni wanasema unaogopa kupanda."

"Nani, mimi?"

"Nimekutetea, baba. Nimewaambia ni kizunguzungu tu."

Kesho yake lori la halmashauri likashusha mabomba na mbao, na jukwaa likapanda hadi juu ya paa. Shemzigwa alikwea mbele ya majirani, akatia kidole katika kila ufa, akashuka na vumbi kwenye tai.

"Nyufa, mama!"

"Kumbe! Nimekoma, baba."

"Naenda kuandika ripoti. Jukwaa lisiondolewe mpaka wakubwa wasaini."

"Nani athubutu kuliondoa?"

Wakubwa walichukua wiki nzima kusaini. Wakati huo fundi Kiondo alipanda jukwaa la halmashauri, akaziba nyufa zote, na Bi Nakunda akalipia saruji na ufundi tu.